Ndagala Ndani ya Ekyanzi

Ukifika Base Camp pale Nakivale, makazi ya wakimbizi huko Uganda, ukaulizia mkalimani, utaonyeshwa watatu wanne. Ukiulizia mkalimani mzuri, utaambiwa usubiri Emery aje kutoka Mbarara. Anazungumza Kibembe cha kwao Fizi, Kirundi cha majirani, Kinyankore cha wenye nchi, Kiingereza cha ofisini na Kiswahili cha kila aina. Mama wa Kirundi anapotaka kumweleza daktari maumivu ambayo hata kwa lugha yake angeyasema kwa kunong'ona, Emery anajua kuyafikisha bila kumvunjia heshima. Mzee wa Kikongo anapopandisha sauti mbele ya afisa, Emery humtuliza afisa kwamba mzee hana hasira hata kidogo, kwao jambo la kweli ndivyo linavyosemwa. Watu wamegombana, wakaja kwake, wakaondoka wakicheka.

Nimeanza na sifa zake makusudi, maana yanayofuata hayana sifa ndani yake.

Emery aliingia Nakivale akiwa amebebwa mgongoni. Baba yake alibaki Fizi, chini ya udongo. Mama yake, Marthe, hakuwa mtu wa kukaa akisubiri mgao. Alikuwa amekulia kando ya ziwa Tanganyika, na kitu alichokijua tangu utotoni ni samaki, basi akaanza kuuza ndagala, wale samaki wadogo wa kukaushwa, kwenye soko la New Congo. Nyumba yao ilikuwa na harufu ya ndagala kuanzia kizingiti hadi mchagoni mwa kitanda. Ilikuwa pia nyumba ya kelele. Mtu akipita njiani wakati wa chakula, Marthe alimwita kwa jina, na kama hamjui jina alimwita hivyo hivyo, aje ale. Walikula wote kwenye sahani moja kubwa, wakiimba nyimbo za kanisani kabla na baada.

Siku ambazo Marthe alifuata mzigo, Emery alivuka ua wa mbono akaenda kulala kwa Angeline. Huyu alikuwa Mrundi kutoka Ruyigi, mjane, Mkatoliki wa rozari shingoni. Kwake mlango ulifungwa wakati wa kula. Kitu ulichopewa ulikipokea kwa mikono miwili, ukashukuru kwa sauti ya chini. Huzuni ilikaa tumboni na furaha vilevile, na ukijua jambo la mtu hukulitoa nje. Angeline alimtibu malaria zake, akamfundisha kusali, akamchapa alipostahili. Watu wa New Congo walikuwa wakimtania Marthe kwamba mtoto wake analia Kikongo lakini ananyamaza Kirundi.

Alipofika umri wa sekondari, kanisa likampatia msaada wa kusoma Mbarara, na kwa kuwa shule ilikuwa ya kutwa, akatafutiwa nyumba Kakiika, kwa Mzee Yonatani na mkewe Eseza. Hao walikuwa Wanyankore wa ng'ombe. Emery aliamka na ng'ombe na kulala na ng'ombe. Akajifunza kukamua, akajifunza kunywa maziwa ameketi, na akajifunza kwamba ekyanzi, kile chombo cha mti cha maziwa chenye kifuniko cha kusukwa, hakiingii kitu kingine chochote duniani isipokuwa maziwa. Hakigusi chumvi, hakigusi sabuni. Husafishwa na kufukizwa kwa moshi wa majani maalumu, na mwenye nacho hukitunza kama watu wengine wanavyotunza dhahabu.

Jioni ya kwanza Eseza alimuuliza, kwa upole tu, kama yeye anakula samaki. Kwao samaki hawakuingia uani. Emery alijibu kwamba hapana, hali. Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kusema kwamba anakula, lakini hapa hatakula, na Eseza angeridhika kabisa. Alisema hapana, na muhula ulipokwisha akaulizwa mama yake anafanya kazi gani, akasema analima.

Miaka ikapita. Emery akamaliza shule, akapata kazi ya ukalimani, akapanga chumba hapo hapo Kakiika, akanunua pikipiki. Akawa mtu wa nyumba ile, hata yeye na Kemirembe, binti yao wa pili, walipoanza kutazamana kwa jicho lingine, hakuna aliyeshangaa. Mzee Yonatani alisema jambo moja tu. Alisema mkwe anamjua tangu akiwa na kaptula, ila hajawahi kumwona mwanamke aliyemzaa, na mtoto wa kike hatoki kwake kwenda mahali asipopajua.

Na hapo ndipo Emery alipoanza kupiga danadana. Mara mama ana kilimo, mara mama ana msiba, mara barabara imeharibika. Ukweli ni kwamba alikuwa anamwonea haya. Akilini alimwona mama yake akishuka Kakiika na harufu yake, na sauti yake ya sokoni, akimkumbatia Mzee Yonatani kifua kwa kifua mbele ya ng'ombe zake, na moyo ukamsinyaa. Alimpenda, hilo tusimnyime. Kila mwezi alimpelekea maziwa kwenye kidumu cha njano alichokifunga nyuma ya pikipiki. Na kila mara Marthe alikirudisha kile kidumu kimejaa: karanga, au maharage, au mawese aliyoyapata kwa taabu.

"Kwetu habarudishake chombo mutupu," alikuwa akimwambia, akikikaza kifuniko. "Ukirudisha mutupu, unaambia mwenyewe: sina tena mambo na weye."

Emery alikipokea, akashukuru, na mawese yale akayagawa kwa majirani kabla ya kufika kwa wakwe.

Jambo lingine la kujua ni la simu. Katika nyumba ya Mzee Yonatani Kiswahili hakikuzungumzwa. Redio ikianza habari za Kiswahili, mzee alinyanyuka akatoka nje. Watu wengi wa rika lake wanakihusisha na askari na miaka mibaya, na Emery alimwelewa hivyo. Kwa hiyo mama yake alipompigia, hakuona haja ya kwenda mbali. Alizungumza naye Kiswahili palepale barazani, mzee ameketi na fimbo yake hatua chache pembeni. Marthe aliuliza wakwe watakuja lini amwone mama wa binti. Emery alijibu kwamba wana shughuli nyingi, mama, hawana nafasi, hata hawajalitaja. Mzee alitazama ng'ombe zake. Emery aliweka simu mfukoni, hana hili wala lile.

Mwanzoni mwa kiangazi, Eseza alichoka kungoja. Alichukua ekyanzi aliyopewa na mama yake mwenyewe siku ya kuolewa, akaijaza maziwa ya mgando, akaifunga kitambaa cheupe, akampa Emery. Alisema kama mama wa mkwe hawezi kuja, basi maziwa yatatangulia kumsalimia. Kwa Mnyankore wa ng'ombe hakuna neno kubwa kuliko hilo. Chombo chenyewe, akasema, Emery akilete mwezi ujao kama kilivyo, yeye Eseza atakisafisha kwa mkono wake.

Marthe alipoipokea ekyanzi ile alilia. Aliizungusha mikononi, akaita majirani waione. Emery aliwaeleza wote heshima ya chombo kile, akaeleza vizuri kama anavyoeleza siku zote, isipokuwa hakusema kwamba isioshwe kwa sabuni wala isitiwe kitu. Labda alisahau. Labda aliona kulisema hilo kungefungua mlango wa maswali mengine, ya samaki na ya kwa nini. Mwenyewe hadi leo hajui, au anajua na hataki.

Mwezi uliofuata alipokwenda kuichukua, aliikuta juu ya meza, imeoshwa ikang'aa, imefunikwa. Alipoinyanyua ilikuwa nzito. Marthe alisimama kando yake akitabasamu kama binti. Hakutia zile ndagala za kawaida anazouza sokoni. Alikuwa na akiba ndogo ya ndagala za Tanganyika, za kwao, alizoletewa na mfanyabiashara aliyepitia Tanzania, akizitunza kwa ajili ya harusi. Ndizo alizozijaza humo mpaka juu, moja moja, amezichambua vichwa.

Angeline alikuwa ameketi mlangoni, rozari mkononi. Baadaye Emery alikuja kujua kwamba alimwonya Marthe. Alimwambia chombo cha maziwa cha watu hawa si cha kutia samaki, amngoje mtoto kwanza amuulize. Marthe akamjibu kwamba mtoto angesema kama kuna neno.

Mtoto alisimama pale, anajua. Palikuwa na nafasi ya kusema: Mama, subiri, tuzitie kwenye mfuko. Ingekuwa jambo la kucheka. Ila kusema hivyo kungetaka kusema mengine, kwamba watu wale hawali samaki, kwamba wanaamini hata yeye hali, kwamba wanadhani mama analima. Emery akatumia kile alichofundishwa kwa Angeline. Alinyamaza. Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa sauti ya chini.

Akiwa njiani, kabla ya kutoka kwenye makazi, alisimamisha pikipiki penye majani marefu, akatazama kulia na kushoto kama mwizi, akazimwaga. Zilimwagika zikimetameta kwenye vumbi. Kunguru walikuwa wameshatua kabla hajafunga kifuniko. Alipofika kwenye bomba la watu aliiosha ekyanzi kwa sabuni, mara ya pili katika uhai wake, akaisugua kwa majani, akaianika juani mbele ya pikipiki. Alipoinusa akajiambia harufu imekwisha.

Harufu haikuwa imekwisha. Eseza alifungua kifuniko, akakirudisha taratibu. Hakufoka. Aliitoa nje, mbali na vyombo vyake vingine, akaiweka chini ya mgomba, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Aliuliza nani amefanya vile, mama yako?

Emery alisikia jibu likitoka kinywani mwake. Alisema si mama. Ni jirani wa mama, mwanamke mmoja wa Kirundi, alikiazima bila kuuliza, watu wa kambini ndivyo walivyo. Alilisema kwa Kinyankore safi, kisicho na kasoro. Kemirembe alikuwa akifagia, ufagio ukasimama kidogo kisha ukaendelea.

Usiku ule hakula. Utotoni Angeline ndiye aliyekuwa akimkanda kwa maji ya uvuguvugu alipotetemeka kwa homa, huku Marthe yuko njiani na mizigo. Alijaribu kujiambia kwamba Angeline hatalijua, Kakiika ni mbali, na neno lisilomfikia mtu halimuumizi. Aliona aibu hata ya kujifariji.

Ili safari isijadiliwe tena, aliongeza uongo mmoja mdogo: mama anaumwa miguu, hawezi kutembea. Alidhani amefunga mlango. Mzee Yonatani akatikisa kichwa kwa huruma, akasema taratibu za kuoana zina njia yake, lakini kumtazama mgonjwa hakungoji taratibu. Jumamosi watakwenda.

Emery alitangulia asubuhi kwa pikipiki, kidumu cha maziwa nyuma, roho juu. Alimkuta mama yake amefagia mpaka barabarani, amevaa kitenge kipya, miguu mizima anarukaruka nayo. Akamwomba aketi kama mtu anayeumwa, asinyanyuke nyanyuke wageni wakija. Kisha akamwomba aondoe makapu ya ndagala ndani, ayapeleke kwa Angeline, kwa sababu mama mkwe ana kifua, harufu inamdhuru.

Marthe alimtazama kidogo. Halafu akayabeba makapu yote, akavuka ua nayo, akarudi akafungua madirisha na kupepea nyumba kwa khanga. Angeline akaja naye, amevaa nguo yake ya misa.

Pikapu ya mzee ilifika ikiwa nyeupe kwa vumbi. Waliketi ndani: Mzee Yonatani kwenye kiti cha pekee chenye mikono, Eseza kando yake, Marthe na Angeline kwenye benchi mbele yao, na Emery kwenye kigoda katikati, mahali pa mkalimani. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Salamu zilipita kwake zikaenda, zikarudi. Marthe alikaa kwenye benchi kama alivyoagizwa, miguu ameinyoosha, akijitahidi kuwa mgonjwa bila kujua anaumwa nini.

Kisha Eseza akauliza yule mama mwingine ni nani. Emery akasema ni jirani. Eseza akamtazama Angeline, akanyoosha mgongo, na kwa ule upole wake akasema kwa Kinyankore: mwambie jirani kwamba yaliyoipata ekyanzi ya mama yangu nimemsamehe, asiogope kunitazama.

Vyumba vya Nakivale ni vidogo. Hapakuwa na pa kujificha. Emery akamgeukia Angeline, akasema kwa Kiswahili kwamba mama mkwe anamshukuru kwa kumlea.

Sasa, Angeline alikuwa amelimia Wanyankore wa Ngarama misimu mingi, akipalilia migomba yao, na Kinyankore hakiko mbali na Kirundi. Alikuwa amesikia kila neno. Alimtazama Emery, mtoto aliyemlisha, akamtazama muda wa kutosha. Kisha akainamisha macho, akashika rozari, akasema asante.

Emery aliona. Hakupata hata nafasi ya kupumua, kwa sababu mama yake alimgusa goti, uso umejaa wasiwasi.

"Emery, uliza mama: zile ndagala nilimutumia hazikumuumiza kifua? Sikujua iko na kifua."

Akamgeukia Eseza, akasema kwa Kinyankore kwamba mama anauliza safari ilikuwaje. Eseza akaeleza kwa kirefu, barabara, vumbi, ng'ombe wazuri waliowaona Isingiro. Emery akamgeukia mama yake, akasema kwamba zilikuwa tamu sana, walizila zote, hazikumdhuru.

Marthe akapiga makofi mara moja, kwa furaha. Alisema zilikuwa za kwao, za Tanganyika, alizitunza kwa harusi.

Hapo Mzee Yonatani aliweka kikombe chake chini. Alikuwa hajasema kitu tangu salamu. Alimtazama Marthe, si Emery, na akasema kwa Kiswahili, Kiswahili cha kambi ya jeshi, kilichokaa bila kutumika lakini hakijaoza:

"Mama, mimi nasikia hii lugha. Zamani mimi alikuwa askari. Hiyo samaki yako sisi hapana ona. Chombo ilirudi tupu, inanuka tu. Kijana alisema hii mama Mrundi ndiye aliharibu."

Emery alisikia baraza ya Kakiika ikimrudia yote, kila simu, kila "mama, hawana nafasi", na mzee na fimbo yake akitazama ng'ombe. Miaka yote hiyo mzee alikuwa akimsikia na kumwelewa. Na alimpa maziwa kila asubuhi.

Marthe alimgeukia mwanawe. Alimtazama tu, na Emery akaona jambo lenyewe likimwingia mama yake polepole: madirisha aliyoyafungua, makapu aliyoyabeba, miguu iliyonyooshwa kwenye benchi. Aliirudisha chini taratibu ile miguu yake mizima. Kisha akamgeukia mzee, akainua kichwa.

"Papa, ni miye. Nilisahau kutia zile ndagala. Nilirudisha chombo ya batu mutupu. Munisamehe."

Kwa watu wengine hayo ni maneno tu. Kwa Marthe lilikuwa neno baya kuliko yote analoweza kujisemea mbele ya wakwe, kwamba alirudisha chombo kitupu. Alilisema bila kupepesa. Na kabla halijatua chini, Angeline naye akafungua mdomo, kwa sauti yake ndogo, macho sakafuni.

"Hapana, baba. Mtoto kasema kweli. Mimi ndiye niliyekiharibu kile chombo."

Wanawake wawili, uongo aina mbili, na hauwezi kukaa pamoja nyumba moja. Mmoja anasema hakikutiwa kitu, mwingine anasema alikiharibu. Hawakutazamana. Mzee Yonatani aliwaangalia wote wawili kwa zamu, na usoni mwake hapakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Emery zaidi.

"Sasa, kalimani," mzee akasema. "Ambia bibi yangu vile hawa wamama wanasema. Yote."

Eseza alikuwa akisubiri, mikono mapajani, hajui kitu. Emery aligundua kwamba hana pa kuweka macho. Alianza kwa Kinyankore. Alimwambia kwamba mama anasema alisahau kutia zawadi kwenye chombo, na jirani anasema ni yeye aliyekiharibu, na wote wawili wanadanganya kwa ajili yake. Akasema mama alijaza samaki wa kwao, walio bora kuliko wote, kwa sababu kwao chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na hakujua. Akasema yeye alijua, akanyamaza, kisha akawamwagia kunguru njiani. Akasema mama yake anauza samaki, na kwamba amelelewa kwa samaki hao, na yeye mwenyewe amekula samaki tangu ana meno. Kisha akageuka, akayasema yote hayo tena kwa Kiswahili, ili asiwepo mtu chumbani asiyejua. Ilikuwa tafsiri yake ya kwanza ya kweli siku ile, na aliifanya akitazama vidole vyake vya miguu.

Eseza akaomba aonyeshwe hao samaki. Angeline alivuka ua akaleta kapu. Eseza, ambaye hakuwahi kumgusa samaki, alinyoosha kidole akagusa mmoja mgongoni, akarudisha kidole haraka, akakifuta kwenye nguo. Akamwambia Marthe, kupitia kwa Emery, kwamba kama angeambiwa kweli angekasirika siku ile, angekasirika sana, na ingekwisha. Chombo ni mti. Akasema pia kwamba yeye ndiye anayepaswa kumwomba Angeline msamaha, akanyanyuka, akamshika mikono yote miwili.

Habari ya Kemirembe haikutajwa. Mzee alisema tu kwamba hayo mengine yatazungumzwa siku nyingine, naye Kemirembe mwenyewe atasikia kwanza, kwa kinywa cha Emery. Wakanywa chai. Marthe akawachekesha wageni wake kwa Kiswahili na mzee akawa ndiye anayemfasiria mkewe, vibaya, kwa kukosea, na wakaelewana. Emery alikaa kwenye kigoda chake katikati na hakuna aliyemhitaji.

Wageni walipoondoka, Angeline alimwita kando, akamtengeneza ukosi wa shati kama alivyokuwa akimfanyia akienda shule, akarudi kwake. Emery alitamani amchape.

Marthe alikuwa jikoni. Alitoka na kile kidumu cha njano, amekikaza kifuniko, akamfungia mwenyewe nyuma ya pikipiki kwa mpira, kama siku zote. Emery alianza kusema, Mama. Marthe akamwambia aende, asikawie, giza litamkuta njiani. Hakuwa na sauti ya hasira. Alimshika bega, akaingia ndani.

Alikwenda hadi karibu na yale majani marefu. Barabara pale ni ya mashimo, na kidumu kilikuwa kikigonga bati la nyuma, kinagonga na kugonga. Siku zote kilikuwa kizito, kilikaa kimya. Alisimamisha pikipiki. Alikaa juu yake kwa muda kabla ya kushuka, kisha akafungua mpira, akakinyanyua kwa kidole kimoja.

Alifungua kifuniko, akakipindua. Hakikutoka kitu. Kilikuwa kimeoshwa vizuri na kukaushwa, na kilinukia sabuni. Akakishika hivyo hivyo mdomo chini kwa muda, labda kuna punje ya karanga imekwama mahali, labda kwa haraka za wageni amesahau. Lakini Marthe hakuwa mtu wa kusahau, na uongo aliousema siku ile ulikuwa mmoja tu, ule wa kusahau.